Kipanga wetu akifika London asiachwe peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Najua nimeandika ndefu, ukilazimika kukata naomba ukate huku mwanzo, kule mbele paache.

Kila mwezi wa saba matokeo ya kidato cha sita yakitoka simu yangu haipumziki. Ndugu, jamaa wa kanisani, hata mzazi ambaye hatujuani kapewa namba na mtu, wote swali lao moja, mtoto ni kipanga, yaani ana akili sana darasani, kapata division one ya pointi tatu, A zote tatu, PCM (fizikia, kemia na hesabu), tumpeleke chuo gani kikubwa huko nje? Wananiuliza mimi kwa sababu nilisoma Imperial College pale London, shahada ya pili, mambo ya mito na maji, na siku hizi hicho chuo kinatajwa sana maana kwenye orodha ya QS, ile inayopanga vyuo vikuu vya dunia kwa ubora, ya 2025 na ya 2026 kimekaa namba mbili duniani nyuma ya MIT ya Marekani. Mzazi akishaona namba mbili duniani basi kashaamua.

Swali la chuo gani ni zuri tu, ila hakuna hata mmoja anayeniuliza mtoto akishafika kule inakuwaje. Hilo ndo nataka niliseme hapa, maana nimeliishi na nimeona wenzangu wakiliishi, na naona watoto wanaendelea kwenda bila kuambiwa.

Kwanza chuo chenyewe kilivyo. Kilianzishwa 1907 kwa kuunganisha vyuo vilivyokuwepo tayari pale, cha sayansi, cha madini na cha ufundi, na mpaka leo wanafundisha sayansi, uhandisi, udaktari na biashara, basi. Hakuna sheria pale, hakuna historia wala fasihi kama digrii. Penisilini aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928 aliigundulia hospitali ya St Mary's ambayo shule yake ya udaktari ilikuja kuunganishwa na Imperial 1988. Kwa hiyo jina wanalo na wamelitolea jasho, sibishi.

Lakini mtu aliyesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ategemee kitu tofauti kabisa. Mlimani una miti, una ngedere, una vimbweta, zile meza za zege za kusomea nje, chuo ni kijiji kizima na ukitoka kwenda mjini unajua umetoka. Imperial iko katikati ya jiji na haina geti. Unashuka stesheni ya South Kensington, unapita njia ndefu ya chini kwa chini, unatokea Exhibition Road, kulia makumbusho ya sanaa ya V&A, kushoto Natural History Museum na Science Museum, alafu unastukia chuo kimeshaanza. Eneo lote hilo lilinunuliwa kwa faida iliyobaki kwenye yale maonyesho makubwa ya 1851 ya Hyde Park, ndo maana makumbusho na chuo vimebanana pamoja. Ni pazuri, sitasahau, unatoka darasani unaingia bure kuangalia mifupa ya dinosaria. Ila kipindi kikiisha kila mtu anapotelea kwenye treni. Pale karibu na chuo nyumba hazishikiki kwa bei, wanafunzi wengi wanaishi mbali kidogo, Acton, Hammersmith na kwingineko, kwa hiyo ile ya kukutana na mtu njiani jioni ukamwambia twende tukapige msuli, tukasome, haipo, usipoipanga wewe haitokei.

Na Desemba saa kumi jioni giza limeshaingia. Mtu wa Pwani ukimwambia hivyo anacheka, akiishi mwezi mzima ndani yake hacheki.

Sasa nije kwenye masomo. Masters ni mwaka mmoja, unaanza mwezi wa kumi, Januari umeshafanya mitihani au umekusanya kazi za muhula mzima, kabla ya kiangazi masomo ya darasani yamekwisha umebaki na projekti, Septemba unakabidhi. Hakuna muda wa kuzoea. Kila wiki kuna karatasi za maswali, kuna ripoti ya maabara, kuna kazi ya kundi, na wiki ya kwanza tu mhadhiri anafungua programu ya Python au MATLAB anaanza kuchora grafu kama vile wote tulizaliwa nayo. Wenzetu wengi wameanza kuandika kodi za kompyuta wakiwa na miaka kumi na mbili. Mtoto wetu, na hapa nasema shule nyingi za kwetu siitaji hata moja, praktiko ya maabara kaifanya sana ilipokaribia mitihani ya NECTA, baraza la mitihani la taifa, bureti moja wanafunzi wanane, mmoja anafungua bomba wengine wanaandika namba. Akili anayo, sana tu, mkono ndo haujazoea.

Na hilo bado sio tatizo kubwa, maana mkono unajifunza, miezi miwili mitatu unakuta kashika. Tatizo kubwa liko kwenye nafasi ya mtu darasani. Huyu mtoto tangu darasa la kwanza ni wa kwanza, Ilboru au Kibaha au Kilakala alikuwa ndani ya watano bora, jina limesomwa kwenye mahafali, mtaani wanamwita profesa. Pale kakutana na watu kutoka Singapore, India, China, Ugiriki, Nigeria, zaidi ya nusu ya wanafunzi wanatoka nje ya Uingereza na kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Sasa wa kwanza mia wakikaa darasa moja lazima awepo wa mia. Na huyo wa mia sio mjinga, angekuja Dodoma au Nairobi angewaacha wengi nyuma, ila hajawahi kukaa hapo mwisho na hakuna aliyemwandaa kukaa hapo.

Alafu ongeza maksi zao. Sisi kidato cha sita A inaanzia 80. Kule masters 50 umefaulu, 60 ni merit, 70 ni distinction, na kupita 80 kwenye kazi ya maandishi ni jambo la kuhesabika. Mwenzangu mmoja wa Afrika Mashariki alipata 64 kwenye kazi ngumu kweli kweli, mwalimu akamwandikia 'vizuri, nimefurahi', lakini yeye mwanafunzi alikaa siku mbili hajatoka chumbani. Akapiga simu nyumbani, mama akauliza 64 kati ya ngapi, akajibiwa kati ya mia, alafu kimya. Alafu mama akauliza, umekuwa wa ngapi?

Hakuna wa ngapi pale. Hawabandiki majina ukutani, hawatangazi nafasi. Hata kwetu NECTA mwaka 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, wengi walilalamika sana kipindi kile, mimi nilifurahi kutoka moyoni kwa sababu nimeona ule mchezo unavyomfuata mtu mpaka ukubwani. Ila wazazi bado hatujaacha, tunauliza tu.

Sasa huyu mtu ambaye hajawahi kushindwa, akikwama anafanyaje? Ananyamaza. Na hapa ndo naomba wasomaji tuelewane vizuri, kunyamaza kwetu kuna adabu ndani yake, tumelelewa hivyo. Mwalimu akiongea unasikiliza, mkubwa humkatizi, swali la kijinga hulitoi mbele za watu. Kule profesa mwenye nywele nyeupe anakwambia niite jina langu la kwanza tu, wewe uliyezoea shikamoo mwalimu ulimi unagoma kabisa. Nimeona kijana anaandika barua pepe kwa mhadhiri, salamu mistari minne, samahani mistari mitatu, mpaka kufika kwenye swali lenyewe kachoka analifuta, anaacha. Na wao wakikuona kimya hawasemi huyu ana heshima, wanadhani umeelewa. Mhadhiri anauliza kuna swali? anasubiri, anaangalia darasa, anaendelea mbele na wewe umebaki pale pale.

Wakati misaada ipo mingi tu. Kila mwanafunzi ana mwalimu wake wa kumwangalia, kwenye vipindi vya maswali wanakuwepo wanafunzi wa udaktari wa falsafa (PhD) wanazunguka kati ya meza kazi yao ni kuulizwa tu, wahadhiri wana saa walizotenga mlango uko wazi. Nimeona watoto wa Kizungu wanauliza vitu ambavyo kwetu darasa zima lingecheka, anauliza hii alama ina maana gani, kaeleweshwa, kaandika, maisha yanaendelea. Wetu kakaa nyuma anajua nusu ya hayo na anateseka na nusu iliyobaki usiku kucha, maktaba haifungwi kule, unaweza kuteseka mpaka alfajiri hakuna atakayekutoa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ya hili tunayo nyumbani. Sisi ndo watu wa diskasheni! Aliyepita chuo chochote cha Tanzania anajua, watu kumi kimbweta kimoja, desa moja, yale maandishi ya somo ya kugawana, limetolewa kopi mpaka maandishi yamefifia, mmoja kasimama anaelekeza, mwingine anabisha, mwingine kaleta karanga, na mada inaeleweka. Hiyo ndo njia ya kusoma sayansi, hakuna nyingine naijua nzuri kuliko hiyo, na wanaofanya vizuri pale London ndo wanavyofanya, wanashika chumba maktaba, wanajaza ubao. Lakini mtu wetu akishatua Heathrow anaiacha diskasheni uwanja wa ndege, anajifungia, kwa sababu ili uingie kwenye diskasheni lazima kwanza uonyeshe usichokijua na yeye ndo anachokificha.

Mimi kilichonisaidia ni mto. Tulipewa kazi ya kundi kukadiria mafuriko kwenye bonde ambalo takwimu zake zina mapengo, na wenzangu waliokulia Ulaya walikwama kabisa kwa sababu wamezoea vipimo vinavyojirekodi vyenyewe kila dakika 15, wakiona mwezi mzima hauna namba wanadhani faili limeharibika. Mimi nikawaambia hapana, faili liko sawa, kwetu kuna mtu anaishi karibu na mto, asubuhi na jioni anaenda kusoma rula iliyosimikwa majini na kuandika kwenye daftari, mafuriko makubwa yakija mara nyingi yanaondoka na rula yenyewe, kwa hiyo ukiona pengo katikati ya masika usijaze wastani, hapo ndo maji yalikuwa mengi kuliko siku zote. Nilieleza ya Ruvu, ya Wami, ya Kilombero. Wakaanza kuniuliza mimi. Na baada ya hapo hata mimi ikawa rahisi kuwaambia jamani hii kodi ya kompyuta siielewi nionyesheni, wakanionyesha, na tulienda hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Darasa letu wanawake tulikuwa wachache, Mwafrika mweusi mwanamke ndo kabisa, na lile kundi lilinifanya nisione kama niko pale kwa kuazimwa.

Nataka vijana wajue pia kwamba kazi za kwetu zimejaa kule, wasiende wakidhani wanaenda kusoma mambo ya wengine. Mpango wa kupambana na kichocho ulioanzishwa pale Imperial mwaka 2002, Tanzania ilikuwa kwenye nchi za mwanzo kabisa, watoto wa shule walimezeshwa dawa kwa kazi iliyopangwa na watu wa pale pamoja na wizara zetu. Leo Imperial wanashirikiana na taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara kwenye maabara ya Bagamoyo kutafuta mbu wasiobeba malaria. Mtanzania akikaa kwenye semina ya mambo hayo akanyamaza, amewanyima watu kitu ambacho hawawezi kukisoma popote.

Kuna mtu mmoja wa pale namkumbuka kila nikifikiria jambo hili, Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani. Alizaliwa sehemu za Punjab huko, akafika Cambridge, 1951 akarudi kufundisha Lahore, na kule akajikuta hana mtu wa kuongea naye fizikia, hana majarida, yuko peke yake, mwaka 1954 akaondoka. Baadaye akawa profesa Imperial na 1979 akapata Nobel. Lakini mimi Nobel haiko mbele sana, ninachompendea ni kwamba hakusahau ule upweke. Mwaka 1964 alianzisha kituo Trieste kule Italia ili mwanasayansi wa nchi maskini awe anakuja miezi kadhaa, anakaa na wenzake, anajaza kichwa, alafu anarudi kwao kufundisha asilazimike kuhama moja kwa moja. Mwaka 2023 maktaba kuu ya Imperial imepewa jina lake. Mtu mwenye akili kiasi kile alisema wazi kuwa peke yake hawezi, sasa mtoto wetu wa miaka ishirini na ngapi tunamtaka aweze kwa nguvu gani?

Hela nitaigusa kidogo tu. Kozi nyingi za uhandisi pale kwa mwanafunzi wa nje ni zaidi ya pauni 40,000 kwa mwaka, hiyo hujala wala hujalala. Viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi saa 20 tu kwa wiki kipindi cha masomo, kwa hiyo wakala anayemwambia mzazi mtoto atajilipia ada kwa vibarua anamdanganya, mzazi mwenye akili aondoke hapo ofisini. Bila ufadhili usiuze shamba. Na tangu Januari 2024 mtu wa masters ya kawaida haruhusiwi kuja na mume wala mke wala watoto, hili wenye familia wanatakiwa kulijua mapema kabla hawajakubali nafasi, maana kuacha mtoto mdogo mwaka mzima ni uamuzi wa nyumba nzima.

Ila kwenye hela kuna moja nalisisitiza. Unapoomba viza unalipa pauni 776 kwa kila mwaka kwa ajili ya matibabu. Umeshalipa! Kwa hiyo ukizidiwa, hulali, huli, unalia bila sababu, unaamka hutaki kuamka, nenda kwa daktari, ni haki yako, na chuo nacho kina washauri, hawatozi. Wetu hawaendi, wanasema mimi sio kichaa. Nimeona mtu mwenye akili nyingi sana akipungua mwili wiki hadi wiki na anasema niko poa, tunaomba tu, na sisi wenzake tukaomba, maombi ni mema nami ni mtu wa maombi, lakini tulimshika mkono pia tukampeleka, na alimaliza. Asingekuwa na wa kumshika mkono sijui.

Kwa hiyo mzazi uliyenipigia na utakayenipigia, ukiongea na mtoto wako aliyeko nje usimuulize kawa wa ngapi. Muulize leo kasoma na nani, kala na nani. Akikwambia kala peke yake wiki nzima hapo ndo ushtuke, kuliko hiyo 64. Mwambie aende soko la Shepherd's Bush, liko karibu na kampasi yao ya White City, atapata ndizi mbichi na mihogo, apike, aite watu. Mwambie chama cha wanafunzi wa Afrika na Karibiani kipo, kanisa lipo, msikiti upo, ajitokeze wiki ya kwanza asisubiri mpaka azoee.

Walimu wa PCM na PCB (yenye baiolojia badala ya hesabu) nawaheshimu sana, najua madarasa yamejaa na vifaa hamna, ila lile swali la kijinga likiulizwa msiache darasa licheke. Hilo halihitaji bajeti.

Na wanaotoa ufadhili, serikali imefanya vizuri kwa Samia Scholarship tangu 2022 kwa vipanga wa sayansi wanaosoma hapa nchini, na wanaokwenda nje wengi wanapitia ufadhili wa Uingereza wa Chevening au Commonwealth. Ombi langu kwenu nyote ni hili, mnapompa mtoto tiketi mpeni na namba za simu za waliotangulia. Mkiweza pelekeni wawili wawili chuo kimoja. Gharama ya kuwakutanisha wanaoondoka na waliorudi ni ukumbi na chai siku moja, na tupo wengi Dar, Morogoro, Arusha, tutakuja kwa nauli zetu.

Na wewe mhariri nina ombi lako. Wengi wanaondoka Septemba. Mwezi wa nane ukitupa hata nusu ukurasa kila wiki, tuliosoma nje tukaandika mambo kama haya, mwingine Ujerumani, mwingine China, mwingine India, na vijana wakatuma maswali yao tukawajibu humo humo gazetini, yakiwemo yale wanayoona aibu kuyauliza, mimi nitakuwa wa kwanza kuandika na sihitaji malipo.

Wako msomaji,
Mama Mhandisi wa Maji,
Morogoro